Kola Iliyosimama Wima

Ukumbi wa mtaa wetu wa Kawangware ulinuka makaa. Kila Jumamosi alasiri, kabla ya filamu kuanza, mlinzi alitundika magunia matupu ya makaa kwenye madirisha ili jua lisiingie, na sisi watoto tuliokaa sakafuni tulitoka humo na pua nyeusi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilipoona humo filamu ya kutisha kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na ngome ya mawe mlimani, milango iliyojifungua yenyewe, na bwana mmoja mrefu aliyekunywa damu za watu. Wenzangu walipiga mayowe na kufunika macho. Mimi sikufunika. Bwana yule alishuka ngazi polepole, joho lake jeusi likiburuzika nyuma, na kila alipogeuka, bitana yake nyekundu ya ndani ilionekana kidogo kisha ikapotea. Lakini kilichonishika hasa ni kola. Ilisimama wima hadi masikioni, wala haikulegea hata alipoinama kuuma. Nilitaka kujua imesimamishwa na nini.

Mama yangu, aliyetoka Kitui kuja kutafuta riziki Nairobi, alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja pale mtaani. Nilipomuuliza kola ya namna hiyo hushonwaje, alitaka kujua kwanza nimeiona wapi. Nilipomweleza alikunja uso, akasema hashoni nguo za mashetani na kwamba nisikanyage tena ukumbini. Sikubishana naye. Niliamua tu kwamba joho lile nitalishona mwenyewe.

Kitambaa cheusi nilikipata Kibera. Kule Mashimoni, kijiji kimojawapo cha Kibera, kulikuwa na fundi wa miavuli, Bwana Wekesa, mtu mpole kutoka upande wa Bungoma, ambaye shangazi yangu alikuwa jirani yake. Kila nilipotumwa kwa shangazi nilipitia kwake, nikamsaidia kubandua vitambaa kwenye miavuli iliyoharibika kabisa, naye akaniachia vile asivyovihitaji. Vipande vya mwavuli vina pembe tatu. Niligundua kwamba ukiviunga ubavu kwa ubavu, ncha zote zikikutana shingoni, nguo inafunguka yenyewe kwa chini. Kola ndiyo iliyonitesa. Niliipaka uji wa muhogo ikakauka vizuri, lakini jasho likaiyeyusha. Nikatia karatasi ngumu ya boksi la sabuni, ikavunjika mara ya kwanza nilipogeuza shingo. Nilikuwa nimeharibu kola nne Bwana Wekesa aliponiuliza ninashona nini. Nilimweleza yote, hata habari ya damu. Hakucheka. Alichukua vijiti vya chuma vya mwavuli, akavikata vifupi, akakunja ncha zake zisinichome. “Tia mifupa ndani,” akasema.

Ikabaki bitana. Mama alikuwa amepokea jora la kitambaa chekundu cha majoho ya kwaya ya kanisa letu. Nilikata kipande siku aliyokwenda kununua uzi. Nilijiambia kwamba ni mabaki, na nilijua wazi kwamba si mabaki.

Siku niliyovaa joho langu kwa mara ya kwanza, nilipita nalo kichochoroni mchana kweupe, watoto wakinifuata na kukimbia kila nilipogeuka. Sikumbuki siku nyingine niliyojiona mrefu kiasi kile. Nilipofika kwenye kona nilikutana ana kwa ana na Mama Mutua, kiongozi wa kwaya, aliyekuwa akija kupimwa. Aliutambua wekundu ule mara moja. Alinishika mkono hadi kwa mama, akasema kitu hicho kichomwe moto leo hii, na kwamba kwaya itatafuta fundi mwingine. Kazi ile ndiyo tuliyoitegemea msimu mzima. Mama alinivua joho. Alilitandaza mezani, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye kila mshono. Alipofika kwenye kola aliikunja, akaiachia. Ikasimama.

“Umeisimamisha na nini?” akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nilimwambia. Ndipo akamgeukia mgeni wake. “Nipe mpaka Jumapili, mama. Kitambaa chenu kitarudi chote. Na aliyekikata ndiye atakayekishona.”

Mama Mutua alikubali bila kutabasamu. Kwa siku tatu, baada ya shule, niliifumua bitana yangu na kuishona iwe joho la kwaya. Vipande vilikuwa vimekatwa vibaya, ikabidi niviunge mabegani ili mishono ionekane kama pambo. Mama alikaa kando yangu mikono ikiwa mapajani, hakugusa kitu. Mara mbili alinifanya nifumue mkono mzima wa joho. Nilipoanza kulia alisema, “Lia, lakini usiache.” Sikuacha. Jumapili ile sikusikia wimbo hata mmoja. Niliangalia mabega ya mwimbaji wa tatu kutoka kushoto, aliyevaa joho lile. Baada ya ibada Mama Mutua alimwita mwimbaji yule, akayapapasa mabega yale kwa muda mrefu, akaondoka zake. Lakini hakuja kuchukua jora lililobaki ampe fundi mwingine. Joho jeusi mama alilitoa kola, akalifanya koti la mvua, akalivaa miaka mingi akienda kuteka maji. Na Jumatatu, nilipotoka shuleni, alinisogezea kiti cha cherehani.

Siku hizi nina duka la kushona mtaani humu humu, na wasichana watano wanaojifunza kazi. Mteja akitaka vazi la filamu wanalitafuta kwenye simu, wanalikuza, wanahesabu hata vifungo. Siwezi kusema zamani ilikuwa bora. Wanamaliza kwa siku moja kazi iliyonila miezi. Hata hivyo, mwezi uliopita niliwanyang'anya simu, nikawaambia wachore gauni walilolitazama asubuhi. Akinyi, anayetoka kijiji cha Raila kule Kibera, alinuna, akasema hakumbuki mikono ilivyokuwa. Nilimwambia achore tu. Alichora mikono mipana kuliko ile ya kwenye picha, ikianzia chini ya bega, isiyofanana kabisa na ya gauni lile. Tuliitazama sote. Kisha nikatandaza kitambaa kipya, nikampa mkasi, tukakata kwa kufuata alivyokosea.