Kiti cha Mama Yake Kule Ruiru

Nafundisha Kiingereza katika shule ya kutwa huko Makongeni, Thika, na kwa miaka kadhaa nimewaandaa wanafunzi kwa mashindano ya kuhutubia kwa Kiingereza. Watu hudhani kazi hiyo ni kumjaza mtoto maneno makubwa. Sehemu kubwa ni kumwondolea hofu. Sehemu inayobaki ni kuwavumilia watu wazima, na hiyo ndiyo iliyonishinda.

Msichana ninayetaka kumsimulia alikuwa kidato cha pili. Alikuja kwenye kilabu chetu cha kuhutubia alasiri moja, akasimama mlangoni, akauliza kama anaweza kujaribu. Nikamwambia atueleze chochote. Akatueleza jinsi ya kupika githeri, yale mahindi na maharagwe, bila kuiunguza, na darasa lililokuwa likipiga kelele likanyamaza. Hakupaza sauti. Alifungua mdomo vizuri, akaliachia kila neno nafasi yake, akamtazama kila mtu usoni mpaka aone ameelewa. Mikono yake ilikwenda pamoja na maneno. Nimekaa kwenye semina ambako walimu tulifundishwa hayo kutwa nzima na jioni tukaenda nyumbani bila kuyaweza.

"Nani alikufunza kuongea hivyo?" nikamuuliza.

"Mathe haskii, madam. Ukiongea haraka, ama uangalie kando, hashiki kitu. Kwa hivyo nyumbani tunaongea tu hivi."

Mama yake alifanya kazi muda mrefu katika kiwanda cha nguo, kando ya mashine za kusokota nyuzi, bila kupewa hata pamba ya kuziba masikio. Masikio yalipokufa aliambiwa kwamba hawezi tena kusikia king'ora cha hatari, kwa hiyo yeye mwenyewe amekuwa hatari, akarudishwa nyumbani. Hata leo nikiyakumbuka maneno hayo natamani kujua ni nani aliyeyatamka na kama alikula vizuri jioni hiyo. Sasa mama huyo anauza githeri na chapati karibu na steji ya matatu, na wateja wakimsemesha yeye huwatazama midomo.

Mada ya mashindano ilikuwa kiongozi unayemwiga. Wengi huchagua marais. Msichana akachagua mama yake. Hotuba aliiandika mwenyewe. Mimi nilimwondolea tu vihusishi vilivyopotea njia. Ilianza kwa Kiingereza chepesi ambacho kwa Kiswahili ni hivi: "Nilijifunza kuongea vizuri kwa sababu mtu ninayempenda kuliko wote hanisikii."

Mwalimu mkuu alikuja siku moja kutusikiliza. Alikaa nyuma ya darasa, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hotuba iko sawa, lakini anaongea polepole kama mtu anafunza nasari. Na hiyo l yake lazima uitengeneze. Watatucheka."

Hiyo l ilikuwa kama ya wengi wetu tuliolelewa kwa Kikuyu: lori lilikuwa rori, na kucheza kwa Kiingereza, play, kukawa kusali, pray. Tukaifanyia mazoezi, ulimi juu, ulimi chini, mpaka msichana akachoka.

"Madam, kwani nikisema rori, inakataa kubeba mchanga?"

Nilicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Mgeni akija kutoka ng'ambo na ulimi wake wa kwao, tunasema ana lafudhi nzuri, tunajitahidi kumwelewa. Mtoto wa Makongeni akija na wa kwake, tunasema ana kasoro. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba l nitaijaribu, ila huo mwendo wake wa polepole sitaugusa.

Mashindano yalifanyika Jumamosi katika shule ya kibinafsi upande wa Gatongora, Ruiru. Mama yake alifunga kibanda, akaja nasi, amevaa sweta ya rangi ya damu ya mzee na kitenge cha kanisani. Ukumbi ulikuwa na zulia na viti vya kukunjwa vilivyofunikwa vitambaa. Nilimweka safu ya pili, katikati, mahali ambapo angeuona mdomo wa mwanawe. Nikamweleza mhudumu wa ukumbi, kijana wa kiume aliyevaa koti jeusi, kwamba mama huyu asipokaa mbele hataambulia neno. Akaitikia. Ndipo nikaenda nyuma ya jukwaa kukaa na msichana.

Zamu yake ilipofika alipanda, akasalimia, akasema ile sentensi yake ya kwanza. Kisha akanyamaza. Nilidhani amesahau. Nikachungulia na kuona alichokiona yeye: kwenye kiti cha mama yake alikuwa ameketi mwanamume mmoja anabonyeza simu. Safu nzima ilikuwa imejaa wageni waalikwa. Mama alikuwa amepelekwa nyuma kabisa karibu na mlango, ananyoosha shingo.

Majaji walikuwa wanaandika. Msichana akashusha kipaza sauti.

"Naomba mama yangu aletwe mbele," akasema kwa Kiswahili. "Akiwa huko hanisikii."

Hakuna aliyeinuka. Mhudumu akatazama viatu vyake. Mama naye hakujua kwamba ndiye anayezungumziwa, mpaka binti yake alipomwita kwa mkono, vile mtu anavyomwita mwenziwe avuke barabara. Akaja katikati ya ukumbi, watu wote wakimtazama, akafika safu ya pili na kukuta kiti kimekaliwa. Yule mwanamume alimwona. Alisogeza magoti kidogo, kama anayempisha apite. Mama akaenda kusimama ukutani chini ya jukwaa, akauinua uso.

Msichana akaanza upya. Alizungumza kana kwamba ukumbi ule una watu wawili tu, na kwa sababu hiyo sisi wengine tukasikia kila neno. Alipofika pale ambapo mama alirudishwa kutoka kiwandani, mzazi mmoja niliyemwona kutoka pale nilipochungulia alivua miwani akaifuta.

Hakupata nafasi yoyote. Aliyeshinda alikuwa mvulana hodari wa shule nyingine na sina neno naye. Lakini kiongozi wa majaji, mwanamke aliyevaa suti, alisimama kutoa maoni, na juu ya msichana wangu alisema kwamba alipitisha muda, alitumia lugha isiyoruhusiwa, ishara zake za mikono zilizidi, na ulimi wa mama, yaani lugha ya nyumbani, ulijitokeza katika matamshi yake. Ulimi wa mama. Alilitamka hilo na mama yuko pale ukutani, bado amesimama.

Wakati wa chai nilimfuata yule jaji.

"Alikuwa anaongea na mama yake," nikamwambia. "Ulitaka amwite kwa lugha gani?"

"Madam, haya ni mashindano ya Kiingereza. Sheria ni sheria."

"Na sheria ya kumwinua kiziwi kwenye kiti nayo iko?"

"Hayo ya viti waulize wenyeji. Mimi ni jaji tu."

Niliwaendea wenyeji. Wakaniambia viti vya mbele vilikuwa vya wageni. Nikawauliza kwa sauti, mbele ya soseji zao, huyu mama alikuwa nani kama si mgeni. Watu waligeuka. Sikujali.

Jumatatu mwalimu mkuu akaniita. Alikuwa amepigiwa simu na wale wenyeji.

"Umetuaibisha. Piga simu uombe msamaha, yaishe."

"Nitaomba, wao wakishamwomba yule mzazi."

"Mwalimu, usifanye mambo kuwa magumu."

Sikupiga simu hiyo. Muhula uliofuata kilabu kilipewa mwalimu mwingine, na nilipouliza sababu niliambiwa nimepunguziwa kazi nipumzike.

Nilikwenda kibandani kwa mama yule kumweleza kwamba nimesikitika. Nilikaa mbele yake, nikaongea polepole, uso wangu ukiwa kwenye mwanga, vile mwanawe alivyonifundisha. Aliniacha nimalize. Kisha akanipakulia githeri, na kwa ile sauti yake ya juu ya mtu asiyesikia anachosema, akasema:

"Mwalimu, wewe umekasirika sana. Mimi nilifurahi. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wananyamazia mtoto wangu."

"Lakini walikuinua, mama."

"Ah, hiyo nimezoea."

Alisema hivyo huku akifuta sahani, bila uchungu wowote, akageuka kumhudumia mteja aliyekuwa amenyanyua vidole viwili. Nilikula githeri yangu. Ilikuwa tamu, lakini hilo la kuzoea ndilo lililonichoma kuliko yote, na bado linanichoma.