Kitambaa cha Kapinga Kambini Kamina

Nilikwenda Kamina kwa sababu kanisa letu la Luena lilitafuta mama wa kusindikiza wasichana kwenye kambi ya likizo kubwa, na mimi ni mtu wa kusema "nitaweza" kabla sijaulizwa mara ya pili. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Stesheni ya Luena, asubuhi. Kati ya wasichana wetu alikuwapo Kapinga, mtoto wa miaka kumi na mitatu. Ukoo wake ni wa Kasai. Bibi yake, ambaye sote twamwita Kaku, alizaliwa Kamina akafukuzwa huko pamoja na jamaa zake, miaka ile wenyeji walipowafukuza Wakasai. Hajarudi hata siku moja. Alinishika mkono mbele ya behewa.

"Mama Adèle, minyi ninakupatia mutoto. Lakini muntu wa Kamina asimuguse kichwa. Na akilia, umurudishe."

"Hatalia, Kaku," nilijibu, kana kwamba nilikwisha kwenda na kurudi.

Njiani. Treni ilikwenda ilivyotaka yenyewe, na baridi ya kiangazi ilipenya madirishani. Wasichana waliimba na kumenya karanga. Kapinga hakufungua kitambaa chake cha kichwa hata vumbi lilipokigeuza chekundu. Sikushangaa. Kwetu unywele ulioanguka hauachwi ovyo. Wazee husema adui akiuokota anaweza kukuroga kwa huo. Kaku alimfundisha mjukuu woga huo akiwa bado mdogo.

Kamina. Tulipokewa na Mama Béatrice, mkuu wa kambi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha jirani. Alituonyesha mikeka yetu, kisha akatueleza desturi yao: kabla ya ibada ya Jumapili, kila msichana husukwa na mwenzake wa mji mwingine.

"Urafiki yetu inaanzaka pale," alisema. "Muntu akishaweka kichwa kwa magoti yako, utamuchukia namna gani?"

Moyoni nilisema, haya, Adèle, ulijifanya hodari.

Jumamosi, baada ya sala. Kapinga aliwekwa pamoja na Numbi, Mluba wa hapo hapo Kamina, msichana wa maneno mengi. Numbi alinyoosha chanuo. Kapinga akaruka nyuma.

"Usiniguse! Kaku alikataza bantu ba Kamina!"

Numbi aliushusha mkono wenye chanuo.

"Kumbe siye njo balozi, ba kuroga bantu?" Numbi aliuliza, na sauti yake haikuwa na mzaha.

Wasichana walihamisha mikeka yao. Wakati wa kula bukari, ugali wa kwetu, hakuna aliyetia mkono katika sahani moja na Kapinga. Alikula peke yake, ameupa ukuta uso. Nilipomwendea, machozi yalikuwa yakidondokea mboga.

"Mama Adèle, unirudishe kwetu."

Iliniuma sana. Nilikuwa nimeahidi, na treni ya Luena ilikuwa ikingojewa siku ile ile. Lakini nikimrudisha hivi, Kaku angekufa akiamini kwamba Kamina ni ile ile, na Kapinga angerithi imani hiyo.

"Ngoja kidogo," nilimwambia. Nikaenda kwa Numbi, nikamweleza yote: kwamba Kaku alizaliwa mji huu, na jinsi alivyofukuzwa. Sikumkaripia. Alisikiliza akichezea chanuo.

"Minyi shikujua ile, mama."

Alikokota mkeka wake mpaka ukutani, akaketi chini mbele ya Kapinga, akampa kisogo.

"Suka yangu kwanza."

"Na nywele zikianguka?"

"Uzichunge weye. Nikigonjwa, nitajua ni nani!"

Kapinga alicheka huku pua ikimtiririka. Alisuka polepole, akikusanya kila unywele kiganjani. Alipomaliza akampa Numbi, na Numbi akazitupa zote katika moto wa jikoni mbele ya macho yake. Ndipo Kapinga akafungua kitambaa, yeye mwenyewe, bila kuombwa. Mama Béatrice alikuwa akitazama kutoka jikoni. Safari hii hakucheka, alipangusa macho kwa kitenge.

Luena, siku ya kurudi. Kaku alikuwa stesheni. Aliona kichwa cha mjukuu wake kabla ya kuniona mimi: kiko wazi, mistari imenyooka.

"Nani alikusuka?"

"Numbi, wa Kamina. Anakusalimia, Kaku."

Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba mtu huaminiwa akikubali kuamini kwanza. Numbi alilijua hilo bila kufundishwa na yeyote kati yetu watu wazima. Kaku alipitisha vidole katika ile mistari, mmoja baada ya mwingine, mpaka shingoni. Kisha akagusa kitambaa chake mwenyewe.

"Mwaka kesho ukienda," alimwambia Kapinga, "umuulize kama mukono yake inawezaka nywele nyeupe."