Injini tatu kwenye transfoma moja: treni ya kuchezea ilivyotaka kuninyima mke hapa Mpanda

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna kijana juzi kauliza humu kama transfoma moja inatosha treni zake za kuchezea, mkamjibu "inatosha, we ongeza tu". Hasira zimenipanda upya. Ninachosimulia kilinikuta mwenyewe, na anayebisha aje kwangu Nsemulwa, shahidi yupo uani anachambua mchele.

Miaka ya sabini nilikuwa mwangalizi wa jenereta ya misheni moja hapa Mpanda. Padri mmoja Mzungu aliporudi kwao alituachia treni ya umeme ya kuchezea: injini moja, mabehewa, reli za kuunga na transfoma ndogo. Tukaitandaza kwenye meza za ukumbini, tukaifanya reli yetu ya Tabora hadi Mpanda. Watu walitoka Ilembo kwa miguu kuja kuiona.

Mwenyekiti wa hiyo treni alikuwa Mzee Leonsi. Na hapo ndipo balaa lilipo, maana nilikuwa nimeposa binti yake, Veneranda, na jibu lilikuwa bado.

Padri akawa anatutumia vitu.

Injini ya pili. Injini ya tatu. Taa za stesheni, taa za nyumba.

Kila kikija, Mzee Leonsi anaunga kwenye transfoma ileile. Ubavuni imeandikwa wati ishirini, yaani injini moja na vitaa vichache, basi. Ikawa ukiigusa unaondoa mkono kwa joto.

Mtasema, si ungemwambia? Nyie vijana mnaongea tu. Kwetu wakati ule mchumba hamkosoi baba mkwe. Nikimwona njiani nakata kona. Neno lolote linapita kwa mshenga, na mshenga wangu alikuwa Ladislaus, fundi cherehani wa Kashaulili, mtu mpole kupita kiasi.

Nikamtuma: kamwambie mzee transfoma imeelemewa, taa zitafutiwe ya kwake.

Akarudi anatabasamu. "Nimemweleza vizuri. Nimemwambia mkweo anasema vitu vimekuwa vingi, Mungu azidi kubariki."

"Na transfoma?"

"Aa, ndugu yangu, hilo zito. Posa haijajibiwa, uanze kumwambia mzee amekosea?"

Mzee, kwa kufurahia salamu zangu, akaongeza taa za mnara wa kanisa.

Ikafika sikukuu ya parokia. Ukumbi umejaa. Mzee kavaa suti, kaamuru injini zote tatu ziondoke Tabora na taa zote ziwake. Kufika stesheni yetu ya Kaliua zinatambaa. Daraja la Ugalla hazikuvuka. Taa zikafifia zikawa nyekundu, transfoma ikatoa harufu ya kuungua, ikafa.

Watu wa Mpanda tumekaa tunaitazama Mpanda yetu, treni haijafika.

Mzee akaninyooshea kidole mbele ya umati. "Jenereta yake mbovu. Mtu ameshindwa kufikisha treni Mpanda, binti yangu atamfikisha wapi?"

Wakuu, jenereta ilikuwa inanguruma nje, na taa za ukumbi zinawaka juu ya kichwa chake.

Posa ikakataliwa. Nililia, sioni aibu kusema.

Aliyeniokoa ni Veneranda, alipopata habari kamili kwa Ladislaus. Yeye ni mtoto wa nyumbani, anaruhusiwa. Akamwambia baba yake wakati anamnawisha mikono, "Baba, jiko moja la mkaa huliwekei masufuria matatu." Mzee akala.

Baadaye misheni ikaagiza transfoma mbili kubwa. Moja ya treni, moja ya taa. Treni ikaingia Mpanda, na posa ikapita.

Sasa sikieni dharau. Kwenye harusi yangu mwenyewe mzee alisimama akawasimulia wageni jinsi yeye alivyogundua kwamba transfoma moja haitoshi. Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, ningefanyaje, nilikuwa naoa.

Kwa hiyo, kijana, jumlisha kila kinachokula umeme, vitaa pia, na utakavyoongeza mwakani, ndipo ununue inayozidi hapo. Taa zipe ya kwake. Na ukiona imeelemewa, kaseme mwenyewe, usitume mtu mpole.

Mzee Leonsi alishatangulia, Mungu amrehemu. Lakini ile hotuba sijaisamehe. Veneranda anasema niache, mke si nilipewa?

Nyie mnasemaje?