Pembe Nilizozinyoosha

Nimekosa, na kosa langu liko ukutani, naliona kila asubuhi nikimwamsha mtoto. Jina langu silitaji. Isiolo ni mji mdogo, nami nina aibu.

Mimi ni karani, mzaliwa wa Meru, mkazi wa Kiwanjani. Nje ya ukarani, yote ninayojua nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya mitumba: kupima, kuchora, kuchanganya rangi. Nilijivunia hilo kupita kiasi.

Binti yetu, ambaye hapa nitamwita Nakiru, ana miaka minane. Aliniomba tuchore mifugo ya babu yake kwenye ukuta wa chumba chake. Babu huyo ni baba wa mke wangu, mfugaji Mturkana wa Ngaremara, na ukame ulimmalizia karibu ng'ombe wote. Alikuwa anakuja kukaa kwetu akitibiwa goti. Nakiru alitaka akifika awakute wanyama wake wakimngoja.

Nilianza kama ninavyoanza kila kitu. Nilisugua ukuta kwa msasa, nikapaka rangi ya kwanza, nikasubiri siku mbili ikauke. Kisha nikaugawa miraba arobaini na minane kwa uzi wa chaki na pimamaji.

"Baba Nakiru," mke wangu aliniuliza kutoka mlangoni, "huo ni ukuta wa mtoto ama ni shamba la kugawia ndugu?"

Tulicheka. Nikampa Nakiru miraba minne ya chini, karibu na anapolaza kichwa, achore peke yake. Nilimwahidi sitaigusa. Nilimwahidi!

Alifanya kazi Jumamosi nzima, ncha ya ulimi nje. Alichora maksai mweupe mwenye doa jeusi begani. Lakini pembe! Moja ilielekea mbele, nyingine ilipinda nyuma.

"Pembe zimeenda kombo," nilimwambia.

"Ndivyo alivyo, baba. Ni wa babu."

Sikuuliza zaidi. Nilidhani ni mtoto anayetetea kazi yake. Jumatatu nilirudi nyumbani saa ya chakula cha mchana, yeye akiwa shuleni. Nikafungua kitabu changu cha wanyama, nikapima, nikazifunika pembe zake kwa rangi ya anga, nikachora mbili zinazolingana. Nikasimama mbali, nikaridhika. Ole wangu, niliridhika!

Aliporudi alisimama mbele ya ukuta, mkoba bado mgongoni.

"Nimekusaidia kidogo," nikasema.

"Sawa, baba," akasema, akaenda kuvua sare.

Kesho yake babu alifika. Nakiru alimshika mkono, akampeleka chumbani. Nikawafuata nikingoja kusifiwa. Mzee alitazama mto, vilima na mbuzi nilivyovichora juu, mpaka akafika chini.

"Hii ng'ombe ni mzuri," alisema. "Ni ya nani?"

"Ni yako, babu. Ni yule mweupe."

Mzee aliinama kwa shida ya goti, akaweka kidole kwenye pembe. "Hapana. Huyu simjui. Yule wangu nilimfunga pembe na kamba akiwa ndama, nikagonga na jiwe polepole, mpaka moja ikaenda mbele, ingine nyuma. Hata watu wa rika yangu wananiita kwa jina lake. Si wewe ulikuwa unashika hizo pembe?"

Ndipo nikaelewa. Wanaume wa kwao huchagua maksai mmoja wa moyo na kumpinda pembe kwa mikono yao wenyewe. Wa mzee alikufa kwenye ukame. Kwa miaka kumi nimekunywa chai nyumbani kwake, na sikuwahi kumtazama maksai huyo sawasawa. Mimi, mtu wa vipimo!

Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha. Mke wangu alikuwa nyuma yangu na kikombe cha chai, naye alijua ni mkono wa nani uliochora pembe zile.

Nakiru alinitazama. Kisha akamtazama babu yake.

"Nilisahau, babu."

"Umesahau?" Mzee akacheka kidogo. "Haya. Watoto wa mjini."

Nami nikanyamaza. Jamani, nilinyamaza! Mtoto wa miaka minane alibeba kosa langu mbele ya mtu anayempenda, na mimi nikasema chai inapoa.

Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikamwambia mzee ukweli. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa nini unaniambia mimi?" akaniuliza. "Uliyemnyang'anya si mimi."

Nikaenda kwa Nakiru. Nilimwomba msamaha, nikafunika pembe zangu, nikamnyooshea brashi azirudishe zake. Hakuipokea.

"Chora wewe, baba," alisema kwa upole. "Wewe ndiye unajua."

Sikuweza. Sikumbuki pembe ipi ilielekea mbele! Babu amesharudi Ngaremara, brashi iko kwenye kopo dirishani, imekauka, na maksai yule amesimama bila pembe kando ya mto wa kulalia wa binti yangu, ambaye hajachora kitu tangu siku hiyo.

Wewe mzazi unayesoma haya, ukiwa fundi kama mimi ndiwe hasa ninayekuonya. Mtoto akikwambia "ndivyo alivyo", weka brashi chini, umuulize amemchora nani.