Simba wa Masele na Paka Wetu

Harufu ilitangulia, ngoma ikafuata. Ilikuwa harufu ya ngozi iliyopakwa chumvi na majivu lakini ikakunjwa kabla haijakauka, imechanganyika na samli iliyochacha na jasho la watu waliotembea kutwa kwenye vumbi. Nilikuwa uani kwetu Shanwe, pembezoni mwa mji wa Mpanda, napepeta mchele, na aliyeinusa kwanza alikuwa paka wetu. Tulimwita Bwana Afya kwa sababu alikagua kila chungu na kila kona ya nyumba bila kusaidia kazi yoyote. Aliinuka kutoka kwenye karai alimokuwa amejikunja, akavuta hewa mdomo ukiwa wazi nusu, kama mtu aliyekumbuka jambo baya, na mkia wake ukavimba. Hakukimbia. Alipanda juu ya banda la kuku, akakaa, akatazama njia. Paka hakimbii kitu asichokielewa. Kwanza anatafuta mahali pa juu akipime. Nami nikaweka ungo chini, nikapanda juu ya kinu kilichofudikizwa, nikatazama njia ile ile.

Ilikuwa kiangazi, miaka ya tisini, wakati Mpanda bado ni wilaya ya Mkoa wa Rukwa na ukitaka karatasi yoyote ya maana unaifuata Sumbawanga. Baba alikuwa Msukuma aliyeshuka na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga kabla sijazaliwa. Kundi kubwa lilibaki kwa ndugu zake huko chini bondeni, ng'ambo ya hifadhi ya Katavi, na mjini alibaki na ng'ombe wachache wa maziwa. Mmoja kati yao alikuwa wangu. Mama yake alikufa akimzaa, nami nilimlea kwa maziwa ya mbuzi niliyomnywesha kwa chupa ya soda, hadi akawa mtamba mwekundu mwenye mbavu zilizofunikwa nyama. Nilimpa jina la Redio, maana tangu alfajiri hadi jioni hakunyamaza, na habari zake zilikuwa zile zile. Baba alitangaza mbele ya watu kwamba Redio ni wa Kabula. Kabula ni mimi. Kwa umri ule sikuwa na kitu kingine chochote ambacho mtu mzima angeweza kukitamani.

Sasa, kwa ndugu za Baba kulikuwa na desturi. Mtu akiua simba aliyevamia zizi, wazee humpa ruhusa ya kuivaa ngozi na kucheza nyumba kwa nyumba. Anayechezewa lazima atuze. Jirani wa kawaida hutoa kuku au debe la mahindi, lakini ndugu wa ukoo hutoa ng'ombe, kwa sababu muuaji wa simba anahesabiwa kuwa amepata moto mwilini na anahitaji mganga wa kumpoza, na mganga hapozi mtu bure. Ukikataa kutuza, moto ule unabaki nyumbani kwako: mtoto anaugua, ng'ombe anatupa mimba, mke anaota ndoto mbaya. Hayo ndiyo yaliyosemwa, nami sikuyacheka. Lakini desturi ilikuwa na sharti moja, nalo wazee walilisimamia: simba lazima awe ndiye aliyeanza. Ukimfuata kwao porini ukamuua kwa tamaa ya kutuzwa, huna ngoma. Una ngozi tu.

Aliyekuja akicheza alikuwa Masele, mtoto wa kaka yake Baba, kijana mrefu kutoka bondeni. Alikuwa amejifunga njuga miguuni na kujipaka majivu usoni, na ngozi ya simba ilimning'inia mgongoni, kichwa cha simba juu ya kichwa chake. Nyuma yake walikuwa wapiga ngoma wawili, na nyuma yao nusu ya watoto wa Shanwe. Alicheza vizuri, lazima niseme. Alinyata, bega moja juu na moja chini, tumbo likigusa vumbi, akasimama ghafla, akatikisa makalio kushoto na kulia, halafu akaruka. Watu wakapiga kelele. Mimi nikamtazama Bwana Afya juu ya banda, nikajiambia: huyu kamwona paka akiwinda, hilo halina ubishi. Kutikisa makalio kabla ya kuruka si jambo la kubuni. Bwana Afya alilifanya kila siku kwa panzi, na kwa kidole gumba cha mguu wa Baba.

Nilikuwa na sababu ya kulinganisha. Mwaka mmoja kabla, nilipanda lori la mahindi na Baba kurudi kutoka kwa ndugu zake, na barabara ile hupita katikati ya hifadhi hadi Sitalike. Lori likasimama, kwa sababu simba jike alikuwa amelala katikati ya njia na hakuona haja ya kuondoka. Dereva alipiga honi mara moja tu, kisha akajuta. Yule simba alijinyoosha, miguu ya mbele huku na ya nyuma kule, akapiga mwayo, akagaagaa kwenye vumbi tumbo juu, kama Bwana Afya alivyogaagaa kwenye majivu ya jikoni asubuhi. Halafu akaenda kwenye mti, akausugua kwa shavu, taratibu, upande mmoja na wa pili, kama paka wetu alivyosugua mlango, yaani akiuambia kwamba ni mali yake. Mwenzake alikuwa kivulini, ameshiba hadi tumbo limekuwa kama gunia, miguu yote minne hewani. Abiria mmoja akanong'ona, "Kumbe ni paka tu huyu!" Baba akamjibu, "Ndiyo, paka. Shuka basi umkune." Tangu siku hiyo nilimwangalia Bwana Afya kwa jicho lingine. Sikumwonea huruma tena panya yeyote, na sikumwamini mtu yeyote aliyesimulia habari za simba kabla sijampima kwa paka.

Ngoma ilipotulia, Masele alisimama katikati ya uwanja akasimulia. Simba dume, alisema, alivunja ua wa miiba wa zizi mchana kweupe, akaangusha ng'ombe, na yeye Masele akaingia peke yake na mkuki. Wakatazamana. Simba akanguruma, akamjia usoni, naye akamchoma kifuani. "Macho kwa macho, baba mdogo! Kama mimi na wewe hapa." Kisha akainyoosha fimbo yake kuelekea nyuma ya nyumba, kule Redio alikokuwa akitangaza habari zake. "Na mimi sina tamaa. Yule mwekundu ananitosha."

Mama, ambaye ni Mkonongo na hakuwahi kununua hata nyanya kwa bei ya kwanza, alifuta mikono kwenye kanga. "Huyo ana mwenyewe. Mwenyewe ndiye huyo kwenye kinu."

"Mayu, mama yangu, sikuja kununua. Nimekuja kutuzwa."

"Ndiyo maana bei yako haishuki."

Kutoka upande wa pili wa ua, jirani yetu Mama Nestori, mama wa Kirundi aliyehamia mjini kutoka makazi ya Katumba na ndiye aliyetupa paka, akapaza sauti, "Mpeni tu jamani, kabla hajaanza kunguruma na kwangu! Mimi nina kuku mmoja na ana kifaduro." Watu wakacheka, lakini Baba hakucheka. Nilimwona anapiga hesabu zake: upande mmoja mtoto wake, upande mwingine ukoo mzima na moto ule wa kuachwa nyumbani. Alisema, "Mgeni hazungumzi na njaa. Kwanza tule." Hiyo ilikuwa mbinu yake ya zamani mnadani. Ukiona bei inakushinda, agiza chai.

Masele akaivua ngozi, akaitandika juani juu ya benchi, akaingia kula. Nikashuka kwenye kinu nikaenda kuikagua. Nilitafuta tundu la mkuki kifuani, sikuliona. Nikatafuta mabegani na shingoni, hakuna kitu. Ngozi ya mnyama hupasuliwa katikati ya tumbo, kwa hiyo manyoya meupe ya tumbo hubaki ukingoni, kulia na kushoto. Huko ukingoni, kwenye manyoya laini kabisa, ndiko lilikokuwa tundu, moja tu. Nikarudia upya kuanzia shingoni, kwa sababu kitu nilichokagua mara moja huwa sijakikagua. Bado ni moja.

Wakati huo Bwana Afya alikuwa ameshuka. Alizunguka benchi kwa mbali, kisha kwa karibu, akanusa unyayo wa simba, akaupiga kofi dogo akaruka nyuma. Unyayo haukujibu. Akaupiga tena. Aliporidhika kwamba mwenzake hana neno, akaisugua ngozi kwa shavu, kushoto na kulia. Ikawa sasa wamiliki wa simba yule ni wawili. Mama akamtupia vichwa vya dagaa vilivyobaki, akala vyote, akasogea mahali penye jua, akajiangusha chali, tumbo wazi, akalala.

Nilimwendea Baba nikamnong'oneza, "Baba, tundu liko tumboni." Alinawa mikono polepole kuliko kawaida, akatoka, akaitazama ngozi bila kuigusa.

"Masele," alisema, "mkuki umeingilia tumboni."

"Aliruka, baba mdogo. Akiruka, tumbo linakuwa juu yangu."

Watu wakaitikia kwamba ndiyo, inawezekana, na hata mimi nikaona inawezekana. Baba naye akatikisa kichwa kukubali. Kisha akachuchumaa karibu na Bwana Afya, akachukua ncha ya fimbo yake ya kuchungia, akaigusisha tumbo la paka aliyelala, mahali pale pale. Taratibu kabisa. Bwana Afya hakuamka mara moja. Alipoamka aliikamata fimbo kwa miguu yote minne, akaipiga mateke kwa miguu ya nyuma, akaing'ata, kisha akaichoka akalala tena. Hakuna aliyecheka safari hii.

"Anayeruka anakuwa na njaa au hasira," Baba alisema. "Anayelala hivi ameshiba."

Masele alikuwa mwepesi, hilo siwezi kumnyima. "Ndiyo, alishiba! Si nimesema alikula ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe... ng'ombe tu."

Mtu asiyewajua watu wa Baba hawezi kuelewa kwa nini uwanja mzima ulinyamaza. Baba angeweza kusahau mwaka niliozaliwa, na kweli aliusahau, lakini ng'ombe aliyekufa kabla ya ndoa yake angekutajia rangi, doa, pembe iliyopinda na jina la mama yake. Wote walikuwa hivyo. Msukuma aliyeliwa ng'ombe huanza na ng'ombe. Simba humfikia baadaye, kama akikumbuka. Masele alikuwa ametusimulia simba kuanzia sharubu hadi mkia, na ng'ombe wake hakuwa na rangi. Mpiga ngoma mmoja aliinama akaanza kukaza kamba za ngoma ambazo hazikulegea.

Baba hakumwita mwongo. Alisema tu, "Huyu ni mtoto wa kaka yangu, amekuja kunisalimia." Mama akaelewa haraka kuliko sisi wote. Akaleta kuku mmoja na unga kwenye kikapu, akavikabidhi kwa mikono miwili, akisema waziwazi, ili hata Mama Nestori asikie, kwamba hivyo ni vya mgeni na njia, si vya ngoma. Masele aliviangalia kwa muda mrefu, akavipokea, akaikunja ngozi. Waliondoka bila kupiga ngoma hadi walipopotea kuelekea Nsemulwa. Redio alibaki. Ila kwa miezi mingi Mama alinitazama usoni kila asubuhi kuona kama nina homa, na ndugu za Baba wa bondeni waliacha kutuletea samli. Mtamba alipozaa salama, ndipo Baba alipoanza tena kulala usingizi mzito.

Siku hizi ngoma ile haipiti tena mjini kwetu. Wanangu wanamjua simba kwa simu: simba akicheza na boksi, simba akifukuza mkia wake, simba akikunwa kidevu na mzungu. Wanacheka, wananiita nione, "Mama, kama paka wetu!" Ninatazama, na jambo la kwanza ninalojiuliza ni nani ameshika kamera, na yule simba alikula nini kabla. Mimi nauza mchele Majengo, na ng'ombe wa ukoo wa Redio bado ninao.

Mwaka juzi mzee mmoja mwenye kofia ya kanisani alisimama kwenye meza yangu akabishia bei hadi nikamheshimu. Alipocheka nikamtambua: Masele. Tulisalimiana kindugu, nikampimia, nikamwongezea kidogo juu, halafu nikashindwa kujizuia. "Kaka Masele, yule ng'ombe aliyeliwa na simba alikuwa wa rangi gani?"

Hakufikiri hata kidogo. "Mweusi, paji jeupe, pembe ya kushoto imevunjika. Mama yake alitoka Bariadi." Akaweka mchele wake begani. "Siku ile nilikuwa na njaa na aibu, mdogo wangu, mbele ya watu wote wale. Nyie hamkunipa nafasi."

Akaondoka. Nimeligeuza jibu lile mara nyingi, upande huu na ule. Huenda yule ng'ombe alikuwepo kweli, na Baba alimnyima mtoto wa kaka yake haki yake kwa ajili yangu. Au huenda miaka yote hiyo ilimtosha Masele kumtafutia ng'ombe wake rangi, pembe na mama. Jioni ile, kabla sijafunga zizi, niliwapitia ng'ombe wangu mmoja mmoja, nikawashika paji la uso kuona kama yupo mwenye homa. Kisha nikaanza tena kutoka mwanzo.