Mgeni wa Heshima na Diski ya Pili

Enzi zetu, wenzangu mliozaliwa kabla simu hazijapata akili, kompyuta haikuwashwa ovyo. Shuleni kwetu karibu na Kitale, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, tulikuwa nayo moja tu. Tulivua viatu mlangoni, tukanawa mikono, ndipo tukaiondolea kitambaa alichofuma mke wa mwalimu mkuu. Chumba kilinuka soksi, nasi tuliamini hiyo ndiyo harufu ya maendeleo.

Mwalimu Wekesa, mtu wa Myanga, alipata diski kwenye kompyuta mbovu huko Webuye. Akaifunga iwe diski ya pili ndani ya yetu, na kwa wiki tatu akahangaika kuiwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usiofanana na Windows tuliyoizoea. Mwalimu mkuu alimpa sharti: mfumo huo uonekane ukifanya kazi siku ya wazazi, la sivyo diski ing'olewe. Mwalimu alikonda. Mimi, msichana wa kidato cha pili, nilimwombea kanisani.

Tatizo ni kwamba kwetu hata choo hufunguliwa na mgeni wa heshima. Siku ya wazazi ilipofika, akaletwa mkulima mmoja tajiri kutoka Endebess.

"Mzee, ukiona maandishi, bonyeza hapa mara moja," Mwalimu Wekesa alimsihi. "Ni sekunde kumi tu. Ukichelewa, itawaka na ile diski ya zamani."

Maandishi yakatokea. Mzee akanyoosha kidole, kisha akakumbuka hajasalimia watu.

"Bwana asifiwe! Hii kitu ni ya maana sana, bana!"

Akashukuru wazazi, kwaya, hata mvua, kidole kikiwa hewani. Alipobonyeza, Windows ya diski ya zamani ilikuwa imeshawaka kitambo, na mawingu yake yale yale ya mwaka jana.

Makofi! Vigelegele! Mama mmoja akasema, "Ati si hii mpya inang'aa kushinda ile ingine!" Mwalimu mkuu akatangaza diski ibaki. Mwalimu Wekesa naye alipiga makofi, macho yakiwa sakafuni. Nilimhurumia sana.

Jumatatu alituita sisi sita wa klabu ya kompyuta, akabonyeza mwenyewe. Skrini ikawa nyeusi, maandishi meupe yakateremka, yakaishia kwenye swali moja: jina lako nani? Mwalimu akaandika lake, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akatusajili mmoja mmoja.

Leo binti yangu ana mifumo miwili kwenye laptopu yake, na huiwasha akiwa kitandani na viatu miguuni. Ikichelewa sekunde nne, analia kama aliyefiwa.

"Kwani nyinyi mlikuwa mnangoja nini, Mama?"

Tulingoja kuulizwa majina, mwanangu. Siku hizi simu inakujua kabla hujaigusa, lakini sisi, kabla ya Jumatatu ile, hakuna mashine iliyokuwa imewahi kutuuliza sisi ni nani.