Mawe Ambayo Baba Hakuyachoma

Jumamosi, mwezi wa Novemba. Mvua ilianza kabla jogoo hajawika, haina upepo, haina radi, inamwaga tu. Ziwa halikuonekana; kule chini kulikuwa na weupe mtupu.

Leo nimeshinda mlangoni nikitazama korongo la maji. Sijui kama hayo ni mambo ya kuandika. Mimi niliishia darasa la saba, na mara nyingi nikirudia kusoma nilichoandika naona kuna mtu nimemwonea. Lakini hii ndiyo mvua kubwa ya kwanza tangu tupange mawe ya kulizuia nyuma ya jiko, na kaka yangu alishasema: mawe yakishindwa, mama anahamia kwake Buhongwa. Mama hataki kuhama. Ndiyo maana nilitazama.

Nisimwonee kaka. Korongo lile zamani lilikuwa kamfereji ka kuruka mtoto. Masika yaliyopita likala ukuta wa bafu, likabakiza hatua chache kufika jikoni anapopika mama. Mwana yeyote mwenye akili angeogopa. Na fundi wa kupanga mawe alimleta yeye, si mimi.

Mimi nilidhani jiwe ni jiwe. Hapa kwetu mtu hukosa udongo wa kuchimbia choo, hakosi mawe. Nikampeleka fundi juu ya nyumba, kwenye machimbo ya zamani ya marehemu baba.

Baba alikuwa mponda kokoto. Alikuwa anawasha moto juu ya jiwe, magogo na matairi mabovu, jiwe linashinda likiungua. Kisha mama anapandisha maji kwa ndoo kichwani, yanamwagwa, na jiwe linapasuka kwa kishindo. Sisi watoto tulikisubiri kishindo hicho kama wenzetu wanavyosubiri kengele ya kutoka shule. Baada ya hapo ni nyundo. Kila mmoja alikuwa na pete yake ya mpira, imekatwa kwenye tairi. Unaliweka jiwe katikati ya pete ili kipande kisiruke kikakupiga jicho. Jioni mlima wote ulikuwa unagonga, ko, ko, ko, nyumba hii na ile, na ukisikiliza unajua nani ameanza kuchoka. Mlio ule naukumbuka kuliko hata sauti ya baba mwenyewe. Labda ni vibaya kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Wapo wanaosema sisi waponda kokoto ndio tulioufanya mlima uteremke. Ni kweli, jiwe lilikuwa limeshika udongo, tukalitoa. Ni kweli pia kwamba kokoto hizo ndizo tulizokula na kuvaa. Sijui lawama niiweke wapi, naiacha hapohapo.

Kule machimboni nilikwenda moja kwa moja kwenye mawe mekundu. Mazuri mno, rangi kama ya mkate uliokolea. Akilini nilishayaona yamepangwa nyuma ya jiko, na ukoka umeota katikati yake. Nadhani nilitaka pia kitu cha baba kiwepo pale nyumbani.

Fundi aliligonga la kwanza kwa nyundo, akatega sikio. Akagonga la pili.

"Dada, haya hayalii."

"Yalie yamefiwa?"

"Jiwe zima hulia kama chuma. Haya yanaitikia kama boga. Ndani yana nyufa."

"Mbona kwa nje mazima?"

"Hapo sijui. Mvua itakuonyesha."

Nikabishana naye, na kwa kweli sikuwa na hoja, nilikuwa na hamu tu. Ndipo tukasikia mtu anahema nyuma yetu. Mama! Amepanda mlima peke yake na fimbo yake, kanga kaikaza kiunoni.

"Shikamoo, bibi," fundi akamwamkia.

"Marahaba. Unayagonga kama matikiti sokoni. Yameiva?"

"Hayajaiva, bibi. Ila dada hapa anayataka hivyohivyo."

"Huyo hata mume alichagua kwa rangi."

Fundi alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. Na si uongo wote.

Mama akayapitia yale mekundu, akiyagusa kwa ncha ya fimbo. "Hili baba yenu alilichoma, kuni zikaisha. Hili mvua ilimwahi. Lile alilichoma mara mbili, likamshinda, akalitukana na kuliacha. Wekundu huo ni moto, mwanangu. Yameshakufa ndani."

"Utakumbukaje yote hayo, mama?"

"Maji nilipandisha mimi."

Halafu akatuongoza vichakani, kwenye mawe ya kijivu yenye madoadoa ya ukungu mkavu, ambayo mimi nisingeyatazama mara mbili. "Hili hakuligusa. Na hili alisema tutalichoma mavuno yakipita. Kisha akaugua." Juu ya hilo aliuacha mkono wake kidogo. Fundi akasubiri mpaka alipouondoa, ndipo akagonga. Likalia kama ile rimu ya gari inayogongwa kanisani badala ya kengele.

Yaliteremshwa kwa mitaimbo na kamba. Fundi alichimba korongoni, akafukia kila jiwe karibu nusu, upande mpana chini, limeegemea mlimani. Mama akamuuliza, "Mbona mnayazika bado yako hai?"

Leo mchana kaka alifika, kaiacha kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi, barabarani kwa sababu ya utelezi. Amelowa chapachapa.

"Shikamoo, mama. Vitu vyako viko tayari?"

"Marahaba. Nenda nyuma ya jiko kwanza."

Tukaenda wote. Maji yalikuwa yanakuja mekundu, kwa fujo, yanagonga mawe, yanazunguka, yanatua tope, kisha yanapenya polepole. Kaka alilisukuma jiwe moja kwa mguu, halafu kwa bega. Halikutikisika. Lakini niandike na hili: upande wa mpera maji yalikuwa yamepata njia, na udongo ulikuwa unaondoka.

"Pale panaliwa, mama."

"Nimepaona kabla yako. Panataka jiwe moja, na najua lilipo."

"Nimekodi gari, mama."

"Mwambie dereva ahsante. Krismasi nitakuja Buhongwa kutembea. Kuhamia, hapana."

Kaka akanigeukia, kana kwamba mimi ndiye hakimu. Nikasema ninachokiona: jiko limesimama, na pale kwenye mpera panaliwa. Akautazama tena mpera, mvua inamtiririka usoni.

"Basi akae," akasema. "Jiwe hilo tulishushe wiki hii, mimi nitakuwepo."

Mama aliingia jikoni haraka, akajifuta macho kwa kanga. Inawezekana ulikuwa moshi.

Dereva aliondoka, kaka akabaki. Jioni tulikula ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, na kichwa cha samaki, fungu la heshima, mama alimwekea kaka.